Barua kwa mwanangu: rudi kikaoni hata kama hukufanya kazi

Mwanangu,

Unasema ulihudhuria vikao vitatu vya tiba ya mazungumzo, cha nne ukakikwepa kwa aibu kwa sababu hukuwa umefanya kazi uliyopewa. Sasa wauliza kama tiba hii inamfaa mtu mzima mwenye ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na kujizuia, au ni kupoteza fedha. Inafaa, ila si ya kila aina.

ADHD haimzuii mtu kujua la kufanya. Unajua vizuri kwamba bili ina tarehe yake. Shida iko kati ya kujua na kuanza, hasa kazi ikiwa haina mvuto na mwisho wake uko mbali. Kwa hiyo kikao cha kusimulia ya utotoni wiki baada ya wiki kinaweza kukupoza moyo na bahasha zikaendelea kulala mezani bila kufunguliwa. Tafuta tiba ya fikra na tabia iliyotengenezwa kwa ajili ya ADHD. Mwaka 2010, Steven Safren na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima waliokuwa wakitumia dawa na bado wakisumbuka. Waliopitia vikao 12 vya tiba hiyo walipata nafuu kubwa kuliko waliofundishwa kutuliza mwili na kupewa elimu tu.

Mafunzo yenyewe ni ya kawaida kabisa. Kwanza, kalenda moja na orodha moja. Chenye saa yake kiingie kwenye kalenda, kisicho na saa kiende kwenye orodha, na mahali pengine popote pasiandikwe kitu. Usiruhusu mambo ya haraka yazidi matatu kwa siku, maana kila kitu kikiwa cha haraka orodha haikusaidii kuchagua. Uisome mara tu baada ya jambo usiloliacha kamwe, kama kupiga mswaki.

Pili, pima umakini wako. Chukua kazi inayokuchosha, washa saa, uandike dakika ulizofika kabla ya kutamani kuinuka. Rudia siku tatu nne. Ukiona ni 12 hivi, kata kazi zako vipande vya dakika 10, na kila kipande kianze na kitendo cha mkono: si “kushughulikia kodi” bali “kufungua bahasha na kutoa fomu”. Wazo lingine likikuvamia katikati, liandike kwenye karatasi ya pembeni uendelee. Karatasi utaisoma kipande kikiisha, na mengi yaliyomo utakuta hayakuwa na haraka yoyote.

Sasa hiyo kazi ambayo hukuifanya. Mtaalamu anayeifahamu ADHD haoni ukaidi hapo. Anaona dalili ileile iliyokupeleka kwake. Mwambie hukufanya, kisha mtafute pamoja ilikwama wapi. Kama ulisahau, dawa yake ni kengele. Kama ulikumbuka ukashindwa kuanza, ilikuwa kubwa mno, ipunguzwe. Kama ulikuwa ukiiahirisha mpaka “jioni”, haikuwa na saa. Omba dakika tano za mwisho za kila kikao ziwe za kutega kengele hapohapo mbele yake, na kuandika: “Nikimaliza jambo fulani, nitafanya hili.” Kengele nayo huzoeleka hadi sikio likaacha kuisikia, kwa hiyo badilisha mlio kila baada ya wiki chache, na usiizime ukiwa bado umekaa.

Chunga fikra mbili. “Nimeharibu tena” unaijua. Ile ya pili ni tamu, na kwa maoni yangu ndiyo hatari zaidi: “Nitafanya baadaye, mimi hufanya vizuri muda ukibana.” Inakupa ruhusa ya kuahirisha huku ukijiona una mpango.

Kuhusu dawa za ADHD, hayo ni mazungumzo yako na daktari, naye atafuatilia presha na mapigo ya moyo. Zinaweza kukusaidia kutulia na kazi, lakini kalenda hazikupangii, ndiyo maana wengi hutumia vyote viwili.

Umetaja pia kwamba unahisi una usonji. Mwambie mtaalamu mapema, kwa sababu namna ya kufanya kazi nawe itabadilika: maelekezo yaandikwe, maswali yawe ya moja kwa moja, taa na kelele za chumba zizungumzwe. Akianza kukufundisha kumtazama mtu machoni ili uonekane kama wengine, tafuta mwingine. Kujificha hivyo kutwa nzima kunachosha, na uchovu huo utakula nguvu unazohitaji kwa haya mengine.

Ujumbe wa kurudi usiuandike mrefu, utakwama kwenye kuutengeneza. Andika: “Nilikosa kikao kwa sababu sikufanya kazi. Naomba nafasi wiki ijayo.” Utume sasa, kabla hujaikunja barua hii.

Mama yako