Jibu kwa mnaoniuliza kuhusu treni za chini ya ardhi za New York

Ndugu zangu wa Dodoma, tangu treni ya umeme ianze safari za kutoka Dar es Salaam hadi kwetu mwaka 2024, mmekuwa mkiniuliza kama sisi wa New York, wenye treni za chini ya ardhi tangu mwaka 1904, hatuna tena shida ya usafiri. Kwa kuwa mdogo wangu wa Nkuhungu anajiandaa kuja huku, nawajibu bila kuficha.

Treni zipo, zinatembea usiku na mchana, vituo ni 472, na nauli ni ileile uende karibu au mbali. Bila treni hizo mtu wa kipato changu asingeweza kuishi katika jiji hili. Lakini mfumo wenyewe umechakaa. Katika njia nyingi ishara zinazoongoza treni ni za teknolojia ya miaka ya 1930, na zinapokorofisha, treni husimama gizani, nyingine zikapangana nyuma yake, nasi tukabaki humo tukisubiri tangazo. Kimbunga Sandy cha mwaka 2012 kilijaza maji ya bahari katika mahandaki kadhaa, na chumvi yake iliendelea kula nyaya na vifaa kwa miaka. Mwezi Juni 2017 treni iliacha reli katika mtaa wa Harlem na watu zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Siku mbili baadaye gavana alitangaza hali ya dharura. Chanzo cha uchakavu huo ni fedha za matengenezo kuahirishwa mwaka baada ya mwaka, jambo ambalo kwa maoni yangu ni dhuluma, kwa sababu walioliamua si wanaoumia.

Wanaoumia ni wafanya usafi, wapishi na walezi wa wazee, ambao kodi ya nyumba imewasukuma hadi Bronx na pembezoni mwa Brooklyn, mbali na katikati ya jiji. Wao husafiri muda mrefu zaidi, hulipwa kwa saa, na msimamizi asiyetaka kusikia habari za treni huwakata mshahara. Mama anayechelewa kumchukua mtoto kwa mlezi hulipa faini. Nayaona haya kila wiki kwa majirani zangu, na yananiuma. Shangazi, wewe mwenye magoti mabovu ukija kututembelea itabidi tuchague vituo kwa uangalifu, kwani vyenye lifti havifiki nusu, na lifti zenyewe huharibika.

Ni haki niseme kwamba hali si mbaya kama ilivyokuwa mwaka 2017. Njia kadhaa, zikiwemo zile ziitwazo L na 7, zimefungwa ishara za kisasa na tofauti inaonekana, na tangu Januari 2025 magari yanayoingia katikati ya Manhattan, kitovu cha biashara cha jiji, hulipishwa ili fedha hizo zikarabati mfumo. Kazi hiyo itachukua miaka mingi, maana treni hazilali, na mafundi hulazimika kufanya kazi usiku na mwisho wa wiki, wakati ambao njia hubadilishwa na abiria huhamishiwa kwenye mabasi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, utakapotafuta chumba usiangalie kodi peke yake. Tafuta kituo kinachopitiwa na njia mbili au zaidi, ili moja ikikwama uwe na nyingine. Na ukipata kazi inayoanza alfajiri, uliza mapema kama kuna basi la usiku linalopita karibu na mtaa wako.