Taa ya injini inawaka, sensa mpya haikusaidia

SWALI: Taa ya injini haizimiki. Mashine ya kupimia inatoa namba P0171. Nimebadilisha plagi na sensa ya oksijeni, lakini gari likisimama bado linatetemeka, na mlio unapanda na kushuka. Tatizo ni nini?

JIBU: Huenda ile sensa uliyoitoa ilikuwa nzima. P0171 maana yake hewa imezidi petroli, na sensa ndiyo iliyotoa taarifa. Kwa dalili zako, tunashuku hewa inayoingilia njia ya panya, baada ya sensa ya hewa iliyo karibu na eakilina (chujio la hewa), kwa hiyo kompyuta haiihesabu.

Usifungue kitu bado. Chomeka mashine tena usome asilimia za marekebisho ya mafuta, yaani kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uzijumlishe. Injini ikiwa imepata moto na hujakanyaga mafuta, jumla isizidi 10 hivi. Sasa kanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ushikilie nusu dakika. Jumla ikishuka, tuseme kutoka 25 hadi 5, kuna tundu: hewa inayopita njia halali imekuwa nyingi, ile ya wizi haina uzito tena. Ikipanda, achana na mipira ya hewa, ukague pampu ya mafuta au sensa ya hewa iliyochafuka.

Tundu litafute injini ikiwa ya baridi, kwani zikipata moto gasketi hutanuka na nyufa ndogo huziba. Anza na bomba la mpira linaloelekea kwenye throto (mlango wa hewa ya injini). Injini ikiwa imezimwa, likunje kwa mkono, maana ufa hujificha ndani ya mikunjo na kwa juu huoni kitu. Fuata mpira wa PCV, unaorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, hasa kwenye kona: mvuke wa oili huulainisha mpaka ukiubonyeza unabonyea na kubaki hivyo. Pedali ya breki ikiwa ngumu, shuku busta (kisaidizi cha breki kinachotumia mvuto wa hewa ya injini) au mpira wake. Washa injini, ubane mipira midogo mmoja mmoja kwa koleo lililozungushiwa kitambaa. Mlio ukitulia, umeupata.

Kwenye gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), nyunyizia maji kidogo, mbali na koili za plagi, usikilize mlio ukibadilika. Dawa ya kusafishia kabureta tafadhali usitumie. Inashika moto, na bomba la moshi lenye joto kali liko hapo hapo.

Ukishatengeneza, futa namba, uendeshe kidogo, kisha usome tena ile jumla. Ikibaki 15, kuna tundu jingine.