Bodi ya kigari imegoma kukaa kwenye chesisi? Usiisukume kwanza

Wakuu habari za jumapili. Naandika nikiwa na plasta kwenye kidole gumba, jana usiku wembe umenipitia nikiwa napunguza kioo cha upande cha Hiace, kwahiyo herufi zikirukaruka mtanisamehe.

Kwa wageni, mimi najenga vigari vya plastiki, vile vinavyokuja vipande vipande kwenye fremu unakata unaunganisha mwenyewe, skeli 1/24, yaani kila kipimo cha gari ya kweli kimegawanywa kwa 24. Hapa Mwanza tuko wachache sana, mtu akinikuta barazani kwangu Kirumba napiga msasa anadhani namtengenezea mtoto, na mimi siku hizi simkatalii maana kueleza ni kazi.

Sasa hii Hiace niliitaka kwa muda mrefu kwasababu nataka kuifanya daladala, na umbo lenyewe ni lile lililoanza 2004 ambalo kila mtu hapa mjini kashapanda akakunja magoti. Boksi limetoka Dar kwa basi, na naona huko kwenye buti lilikaliwa na gunia la mtu, maana nafungua tu nakuta bodi imebinywa katikati kama kopo la soda. Nikasema aah, plastiki hii, itajinyoosha yenyewe nikishaweka chesisi, yaani kile kipande cha chini kinachobeba magurudumu. Nikapiga rangi. Nyeupe, mikono mitatu, nikang'arisha mpaka naona taa ya sebuleni ndani ya mlango, hapo ndo nikachukua chesisi nikaanza kuiingiza. Haiingii. Nikasukuma kidogo, ikaingia nyuma ikatoka mbele, nikabana mbele nyuma ikachomoka, na mimi nina hasira za karibu, nikasukuma tena kwa vidole vyote viwili vya gumba nikasikia "ka!" Nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva ndo imeenda hivo.

Kesho yake nikaibeba kwa mzee mmoja jirani yangu, fundi wa kunyoosha bodi za magari makubwa, nilitaka tu anipe bodi fila kidogo, ile lipu ya kuzibia mabonde kwenye bodi. Akaigeuza geuza, akacheka sana, alafu akaniambia, "Ng'wanawane, hii bodi haina kosa kubwa, kuna kitu ndani kinaisukuma, umekitafuta?" Nikamwambia sijakitafuta mzee wangu. Akaniambia gari ikigongwa mlango ukakataa kufunga, fundi mgeni anaanza kuupiga mlango nyundo, yeye anaanza kuangalia nguzo na bawaba.

Nikarudi nyumbani nikaomba lipustiki ya shemeji yenu, akanipa ile asiyoipenda. Hii mbinu naomba muishike kuliko zote. Unapaka lipustiki nyembamba juu ya kila kitu kilichoko ndani, migongo ya siti, juu ya dashibodi, kingo za lile beseni la ndani linalobeba siti, alafu unaishusha bodi taratibu bila kulazimisha, unainua. Panapogusa patajichora penyewe. Mimi nilikuta doti mbili nyekundu kwenye dari kwa ndani, zote upande wa kulia, nikafatilia chini nikakuta vikonyo viwili, yaani yale mabaki ya plastiki pale kipande kilipokatwa kwenye fremu, kila kimoja hakifiki hata milimita. Vikonyo viwili vimenivunjia nguzo! Wembe, msasa, dakika tano, bodi ikashuka zaidi ya nusu ya lile pengo lililokuwa kati yake na chesisi.

Mtu atasema milimita moja si kitu. Kwenye 1/24 milimita moja ni milimita 24 za gari ya kweli, dole gumba linapita bila kugusa. Mwanya wa mlango kwenye gari ya kweli unacheza kwenye milimita 4 au 5, ukigawa kwa 24 unapata kama 0.2, karatasi mbili tatu za daftari hivi. Ndomaana jicho linaona kitu hakiko sawa hata kama hujui ni nini. Na rangi nayo ina unene, praima (ile rangi ya kwanza ya chini), rangi yenyewe, vanishi juu yake, vyote vinakula huo mwanya, kwahiyo kama kitu kinaingia kwa kubana kabla ya rangi, baada ya rangi hakiingii. Jaribisha kila kitu kikiwa kikavu, bila gundi bila rangi, shikiza kwa maskin tepu na vipande vya tyubu ya baiskeli, ndo uende hatua nyingine. Na ukipiga rangi, kingo zinazokutana zikwangue kwa wembe zibaki plastiki tupu.

Baada ya vikonyo likabaki lile tatizo la kubinywa. Hiace ya kweli ina upana wa milimita 1,695, ukigawa unapata 70.6, mimi nikapima katikati kwa kalipa, kile kipimo cha kubana pande mbili, inasoma 68. Dawa ni maji ya moto. Plastiki hizi nyingi ni polistirini, inaanza kulegea kweli inapokaribia nyuzi 100, na sisi huku tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye 96 hivi, kwahiyo sufuria ya Mwanza inalainisha lakini si rahisi ikuyeyushie. Ila usijiamini, mimi natoa jikoni kwanza, nasubiri mchemko utulie, nachovya ule upande tu kama sekunde 20, navuta kwa vidole, naingiza kwenye maji baridi huku nimeshikilia. Haijatosha, unarudia. Mara tano ndogo ni bora kuliko moja kubwa, na nguzo za vioo usiziache zikae kwenye maji maana ndo nyembamba zinapinda kwanza. Alafu nikakata kijiti kutoka kwenye fremu, nikakigandisha kwa ndani mlango kwa mlango, chini ambako hakionekani, kikishikilia upana mpaka kalipa ikasoma 70 na nusu. Hicho kijiti kimebaki humo humo.

Chesisi nayo iangalie, wengi tunaisahau. Iweke juu ya kioo cha dirisha, gonga kila kona kwa kidole, ikicheza kama meza ya mgahawa basi imepinda, hutaipata sawa hata bodi iwe nzuri vipi. Maji ya moto tena, alafu ibane juu ya kioo kwa jiwe mpaka ipoe. Mawe Mwanza hatununui.

Vioo ndo vilinila muda. Kipande cha kioo kikiwa kipana kidogo tu kinaitanua bodi kutoka ndani na wewe utakuwa unalaumu chesisi wiki nzima. Punguza kingo kidogo kidogo (na uangalie kidole!). Kugandisha tumia gundi nyeupe ya mbao, supa gluu weka mbali kabisa na vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe, na ukishaingia hautoki kwa kitambaa.

Pale ambapo pengo ni la kukosa plastiki, sio la kusukumwa, unajaza. Kadi ya benki iliyoisha muda ina unene wa milimita 0.76, nzuri sana kuongezea kwenye kizingiti cha chini ya mlango, ila hiyo ni plastiki nyingine, gundi ya modeli, ile ya kuunganishia hivi vigari, haiikamati, hapo ndo supa gluu inafaa. Ukitaka nyembamba zaidi tafuta kikombe cha mtindi chenye namba 6 chini, hicho ni polistirini, kinashika na hiyo gundi ya modeli. Nyufa ndogo kama ile ya nguzo yangu nimechanganya supa gluu na poda ya mtoto, nikaipiga msasa ndani ya saa moja, ukilala nayo itakuwa ngumu kuliko plastiki na utachimba mabonde pembeni. Ile bodi fila ya mzee ni nzuri pia lakini ipake nyembamba, ikiwa nene inaweza kuila plastiki kwa chini.

Mwisho wa siku sikugandisha bodi na chesisi kabisa. Nimetoa visumaku kwenye spika za earphone mbovu mbili, vinne vyote, viwili nimevipachika kwenye chesisi viwili kwenye bodi, vinashika wenyewe "tap" na naweza kufungua nikitaka kuongeza konda ndani. Angalia tu pande kabla ya gundi, mimi cha kwanza nilikiweka kinyume, bodi ikawa inaruka kama imetekenywa.

Rangi yote imebidi niitoe kwa msasa wa maji namba 600, roho inaniuma hadi sasa. Praima mpya imeshakauka. Nasubiri vile vidudu vya ziwani vipungue maana wiki hii vinapanda kama moshi, vikitua kwenye nyeupe mbichi ni kuanza upya. Kona ya nyuma kushoto bado iko wazi nusu milimita, nimeangalia Hiace tatu za kweli pale stendi, zote mlango wa nyuma umefungwa na kamba, nimeiacha.