Mumeo sio mkaidi dada, ana sababu

Pole sana dada. Umesema mumeo, Mmarekani mweusi wa Alabama, hataki kabisa kumwona mwanasaikolojia japo usiku anashtuka usingizini na akisikia king'ora cha polisi mikono inamtetemeka. Usimwite mkaidi jamani. Hukohuko Alabama, Tuskegee, 1932 hadi 1972 serikali iliwaangalia tu wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata dawa yake, penisilini, ilipopatikana miaka ya 1940, sasa mtu kakulia nyumba ambayo bibi anamwambia hospitali usiende peke yako, unategemea nini? Hofu hiyo inarithiwa, kwa maneno na kwa ukimya pia. Mama mkwe wangu ni wa hukohuko, barua za daktari alikuwa anazitia kwenye kopo la biskuti bila kuzifungua, miaka na miaka!

Mi nakushauri mtafute mwanasaikolojia mweusi, wana chama chao tangu 1968, na siku ya kwanza muulizeni wazi kama yuko tayari kuongelea ubaguzi na historia ya familia, akikwepakwepa tafuteni mwingine. Kama mumeo ana kanisa, mchungaji amsindikize. Ila akianza kusema hataki kuishi usisubiri chochote, piga 988 hapohapo, ndiyo namba ya Marekani ya kusaidia watu wanaofikiria kujiua.