Magofu ya Roma na waogaji: kuchora mandhari kwa mtindo wa miaka ya 1530

Wachoraji wa kaskazini mwa Ulaya waliofika Roma miaka ya 1530, akina Maarten van Heemskerck na Herman Posthumus, walipanga mandhari kwa mikanda mitatu: mbele kahawia, katikati kijani, mbali buluu. Gawa ubao wako hivyo kabla ya kugusa nguzo hata moja.

Ubao wenyewe usiuharakishe. Loweka gramu 70 za gundi ya ngozi ya sungura katika lita 1 ya maji usiku kucha, kisha pasha moto taratibu. Ikichemka hupoteza nguvu. Chunga unga wa chaki juu yake, uuache uzame wenyewe. Ukikoroga kwa pupa, mapovu yatakuachia vishimo. Paka ubao matabaka 6 membamba ya mchanganyiko huo, moja wima, linalofuata mlalo. La juu likizidi gundi kuliko la chini, litapasuka.

Magofu yanataka rula. Weka mstari wa upeo, jenga tao zima kwa penseli, ndipo ulibomoe. Anayeanza na ubomokaji huishia na rundo la mawe lisilojulikana lilikuwa jengo gani. Magugu yaote juu ya kingo na kwenye nyufa, mahali udongo unapotuama, si katikati ya ukuta laini.

Kwenye picha ya Posthumus ya mwaka 1536 kuna mtu mdogo anayepima kitako cha nguzo kwa bikari. Bila yeye usingejua nguzo ile ni kubwa kiasi gani. Waogaji wako wafanye kazi hiyohiyo. Kando ya nguzo ya sentimita 20, mtu wa sentimita 3 au 4 anatosha, na vidole usihangaike navyo. Ngozi ni nyeupe, oka (rangi ya udongo wa manjano) na nyekundu kidogo mno. Wengi huharibu majini: taswira ya mwogaji hushuka wima chini yake, haiegemei upande kama kivuli cha jua, na mwili mweupe majini huonekana mweusi kidogo kuliko wenyewe.

Halafu majani. Ukiona miti ya kahawia kwenye picha za zama hizo, usiige bila kufikiri: mara nyingi ni rangi ya kijani itokanayo na shaba, iliyobadilika kwa miaka. Chora kijani. Mafuta ya kitani kwenye rangi yaongezeke kadiri unavyopanda tabaka. Tabaka lenye mafuta mengi likikaa chini ya lenye machache, la juu hukauka kwanza na kupasuka.