Simu kuchaji polepole: anza na waya

Mkuu, salama? Umesema simu yako yenye betri ya mAh 5000 ilikuwa inajaa kwa saa mbili, sasa inakula saa sita, na kichwa cha chaji ni kilekile. Usikimbilie Kariakoo kununua betri. Kwanza azima waya mwingine mzima. Waya ukichoka kwa ndani, simu inarudi kwenye chaji ya kawaida, wati 5 au 10, hata kama kichwa kimeandikwa 9V 2A, yaani wati 18.

Waya mzima nao usipoingia mpaka mwisho, au ukilegea, huenda tundu la chaji limejaa vumbi na nyuzi za mfukoni. Zima simu, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao huku ukimulika tochi. Sindano hapana! Itakwangua pini au kupiga shoti.

Halafu joto. Kwa joto hili la Dar, simu ikiwa ya moto inapunguza chaji yenyewe. Vua kava, itoe kitandani, zima hotspoti. Kuanzia asilimia 80 kwenda polepole ni kawaida, hapo usihesabu.

Vyote vikigoma, fundi apime tundu la chaji kabla ya kugusa betri. Ila kama mgongo wa simu umevimba, usiichaji tena.