Maswali yenu: ulimbwende, uhalisia na ile ngazi ya siri

Maswali ni mengi wakuu, nachukua manne, mengine yasubiri.

Mwalimu shikamoo. Tumefundishwa ulimbwende wa Ulaya, sasa mi najua mlimbwende ni yule wa mashindano ya urembo. Hiyo fasihi ni ya mapenzi na urembo au?

Marahaba. Hapana, jina ndo limekuponza, ulimbwende hapa ni tafsiri tu ya neno romantiki. Zamani kule Ufaransa Kilatini kilikuwa cha kanisa na wasomi, ile lugha ya watu wa kawaida ikaitwa romanz, afu hadithi zilizoandikwa kwa lugha hiyo zikarithi jina hilohilo, visa vya mashujaa na misitu na maajabu, na neno romantiki limetokea huko. Kwa hiyo ukishika Wordsworth, mshairi wa Kiingereza, usitafute barua ya mapenzi. Yeye na mwenzake Coleridge walitoa kitabu cha mashairi, Lyrical Ballads, mwaka 1798, na kwenye toleo la pili la 1800 Wordsworth akaweka dibaji ndefu akidai ushairi uandikwe kwa lugha ambayo watu wanaiongea kweli, na humo ndani utakutana na mchunga kondoo mzee na mama aliyerukwa na akili, sio wafalme. Hilo ndo lilikuwa jambo jipya. Binafsi naona neno ulimbwende linatuchelewesha kidogo, ila limeshazoeleka.

Eti ni kweli watu walizomeana Paris kisa ushairi? Nilijua ni chumvi ya mwalimu.

Kweli kabisa, na hili nalipenda. Tarehe 25 Februari 1830, ukumbi wa Comédie-Française, tamthilia ya Hernani ya Victor Hugo. Vijana walimbwende wa Hugo walijaa mapema, mmoja wao Théophile Gautier kavaa kizibao chekundu cha kuwaudhi wazee. Sasa elewa kwanza, mshororo wa kirasimi wa Kifaransa, yaani wa kufuata kanuni za zamani, una silabi 12, unapumua katikati, na maana inatakiwa itulie pale mshororo unapoisha. Pazia linafunguka, mtumishi wa kike mtu mzima anasikia mlango unagongwa, anasema atakuwa ndo yeye tayari? ni kule kwenye ngazi... mshororo umeisha. Unaofuata unaanza na neno moja tu, "ya siri". Yaani Hugo kaikata ngazi na siri yake katikati, na kwa simulizi ya Gautier mwenyewe ugomvi ulianzia hapohapo! Unaweza kucheka ila sisi tunacheka nini, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi hayana vina wala mizani, si kuna watu walisema hayo sio mashairi kabisa? Ugomvi ni uleule, nani ana haki ya kuamua shairi liwe na sura gani.

Uhalisia si ni kuandika mambo yalivyo tu, sasa kwa nini Flaubert alishtakiwa?

Kwa sababu "yalivyo tu" ndo ilikuwa kesi yenyewe. Januari 1857 mwendesha mashtaka Pinard alimsimamisha mahakamani kwa ajili ya riwaya yake, Madame Bovary. Kuna mahali Emma, mhusika mkuu, katoka kumsaliti mumewe, anajitazama kwenye kioo, anajiona kapendeza kuliko siku zote, anarudiarudia moyoni kwamba ana mpenzi, ana mpenzi. Na mwandishi kimya, hamkemei, hamtetei, anatuingiza kichwani mwake afu anatuacha humo. Pinard alilalamika kwamba humo kitabuni hakuna hata mtu mmoja wa kumhukumu huyu mwanamke, na mi naona alikisoma vizuri kuliko wahakiki wengi. Flaubert akaachiwa. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Pinard yuleyule akamgeukia mshairi Baudelaire na huko akashinda, faini faranga 300 na mashairi 6 yakaamriwa yaondolewe kitabuni.

Aliyeuliza pia ulimbwende uliisha mwaka gani ili akariri kwa mtihani: Les Misérables ya Hugo imetoka 1862, miaka 5 baada ya Bovary. Yaani ulimbwende na uhalisia vilipishana, hakuna mwaka mmoja wa kuisha. Kariri hiyo.

Nisome nini cha Ulaya kwa Kiswahili? Kifaransa sijui na Kiingereza changu cha kuombea maji.

Anza na Nyerere. Alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Najua utasema Shakespeare ni wa zamani sana, kawatangulia walimbwende miaka 200, lakini haohao ndo waliokuwa wakimtumia kuwapiga warasimi, mwandishi Stendhal aliandika kabisa kitabu Racine na Shakespeare mwaka 1823, Racine akiwa ndo mrasimi, na upande wake ulijulikana. Afu ukifika kwenye hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Caesar isome kwa sauti, angalia mwisho wa mishororo kama utakuta vina.